Mguu Uliolala: Kanisa na Waliopooza Katika Nchi ya Tanga

Katika mtaa wetu wa Usagara, hapa Tanga, alikuwako mama mmoja ambaye mahali pake kanisani palijulikana na kila mtu. Alikaa benchi la pili upande wa dirisha, na siku ambayo hakuonekana, watoto waliulizana. Asubuhi moja aliamka akakuta mkono na mguu wa kulia havimwitikii, na mdomo umekwenda upande. Kiharusi kilikuwa kimempiga usiku.

Tulimfanyia yote tuliyofundishwa. Alipelekwa hospitali, akalazwa, akaruhusiwa. Padre alikwenda nyumbani kumpaka mafuta. Umoja wa Akina Mama walipanga zamu za uji na kufua. Jumuiya ilikutana kando ya kitanda chake kila juma, tukaimba, tukasali, tukaacha kilichopatikana katika bahasha. Hatukukosa hata juma moja, na mioyo yetu ilikuwa imetulia kwamba tumetimiza wajibu.

Mwezi wa nne mjukuu wake, kijana aliyekuwa akisoma mbali, alikuja likizo. Akatuamkia, akangoja tumalize sala, kisha akauliza kwa adabu: "Wazee wangu, bibi anafanyishwa mazoezi na nani?"

Tukatazamana. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kulikuwa na tarehe ya kurudi kwa ajili ya mazoezi. Tarehe ile ilikuwa imepita zamani. Tuliona kumpakia mgonjwa kwenye bajaji ni kumtesa, tukasema apumzike kwanza, nguvu zitarudi Mungu akipenda. Kijana akaushika unyayo wa bibi yake, akajaribu kuukunja kuelekea juu. Haukukunjika. Kisigino kilikuwa kimekaza kama kamba iliyolowa ikakauka juani.

Swali la kijana yule ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Tulijiuliza: wazee wetu katika imani, tangu Injili ilipofika katika nchi hii, waliwafanyia nini watu waliopooza? Na sisi tumesahau nini walichojifunza?

Vitanda vinne vya Maandiko

Tuanzie katika Biblia, kwa maana huko ndiko walikoanzia wao. Kila Mkristo anamjua yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyebebwa na watu wanne na kushushwa kupitia darini, katika Marko sura ya 2. Tunajua pia habari ya mtu wa Bethzatha katika Yohana sura ya 5, aliyeugua miaka 38, na jibu lake kwa Bwana lilikuwa malalamiko ya upweke: hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Katika Matendo sura ya 3 tunamwona Petro kwenye mlango wa Hekalu, na kabla miguu ya yule kiwete haijapata nguvu, Petro amekwisha kumshika mkono wa kulia na kumwinua. Na katika Samweli wa Pili sura ya 9 yumo Mefiboshethi, mlemavu wa miguu yote miwili. Huyu hakuponywa. Hadi mwisho wa sura ni kiwete, lakini anakula mezani pa mfalme siku zote.

Tumezoea kuzisoma habari hizi kama habari za muujiza, na ni kweli. Lakini ndani ya kila moja iko kazi ya mwanadamu: kubeba, kuwapo, kushika mkono, na kumpa mtu nafasi mezani hata kama mguu haukupona. Historia ya huduma kwa waliopooza katika nchi yetu ni historia ya kanisa kujifunza kazi hizi nne, moja baada ya nyingine, tena polepole.

Magila na Paris, mwaka mmoja

Mwaka 1867 mmisionari C. A. Alington wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, alikwenda Vuga kwa mtawala wa Usambara, kuomba ruhusa ya kukaa katika nchi yake. Mwaka 1868 ukawa mwanzo wa Magila, katika nchi ya Bonde, karibu na Muheza ya leo. Kutoka Magila Injili na shule zilienea Bonde nzima, na baadaye ikaja hospitali. Wengi wetu babu zetu walibatizwa na watu wa Magila au na wanafunzi wao. Hospitali ya Mtakatifu Augustino ya Muheza, tunayoiita Teule, imeota kutoka katika shina hilo.

Mwaka huohuo wa 1868, mwezi wa Oktoba, mwanasayansi mmoja wa Ufaransa alipigwa kiharusi mjini Paris. Jina lake Louis Pasteur. Alikuwa na umri wa miaka 45, na upande wake wote wa kushoto ulipooza. Madaktari wake, walio miongoni mwa mabingwa wa Ulaya, walimwekea ruba wamnyonye damu. Hilo ndilo lililojulikana siku zile. Tunalitaja ili tusiwaone wazee wetu wa Bonde kuwa wajinga. Mwaka ule Magila ilipoanza, Paris pia ilikuwa haijui namna ya kuurudisha mguu uliolala.

Lakini Pasteur hakukubali kukaa kitandani. Miezi michache baadaye alisafiri kwenda kusini mwa Ufaransa kuendelea na kazi yake, akiburuta mguu. Aliishi miaka 27 zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hadi leo watoto wetu wanachomwa wakiumwa na mbwa, aliitumia kwa mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1885, akiwa na mkono dhaifu na mguu unaoburuta. Mtu aliyepigwa kiharusi hajamalizika. Hili tulishike tangu sasa.

Lutindi na wale ambao hakuna aliyewataka

Tawi la pili la historia yetu lilitoka Ujerumani. Mwaka 1890 wamisionari wa Kilutheri walifika Tanga, na mwaka uliofuata wakapanda Usambara hadi Mlalo. Misheni hiyo iliunganishwa na Betheli, karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipojengwa kwa ajili ya watu wenye kifafa na kuongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh tangu 1872. Pale Betheli mgonjwa hakuachwa alale tu. Kila mtu alipewa kazi ya kadiri yake, bustanini au karakanani, kwa imani kwamba mtu asiye na la kufanya anaugua mara mbili.

Wazo hilo lilivuka bahari. Huko Lutindi, katika milima juu ya Korogwe, mwaka 1896 palianzishwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki, nayo ipo hadi leo. Wagonjwa wa Lutindi walilima, walifuma, walichunga. Siyo hospitali ya kiharusi, lakini ni shule kwa kanisa letu. Watu ambao jamii iliwafunga kamba au kuwaacha porini, pale waliambiwa kwamba mikono na miguu yao bado ina kazi.

Sayansi ya mikono

Wakati huohuo, Ulaya ilianza kuelewa kwamba mwendo wa mwili wenyewe ni dawa. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm, Sweden. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza walianzisha chama cha wanawake waliofunzwa kukanda viungo, nacho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa nchi ile. Sisi tunaita mazoezi tiba, au tiba ya viungo.

Vita ndiyo iliyoikuza kazi hiyo. Sisi wa Tanga tunaijua vita ile kwa makaburi yaliyo mjini mwetu. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilipigana na Wajerumani na askari wao katika mitaa na mashamba ya Tanga, likashindwa. Majeruhi walilala hapa mjini. Katika miaka minne ya vita, Ulaya ilijaa vijana wasio na miguu na wasioweza kutembea, na wakandaji na wafundishaji wa mazoezi wakahitajika kwa maelfu. Kilichokuwa kazi ya watu wachache kikawa fani ya hospitali.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mgonjwa wa kiharusi alifundishwa tu kuutumia upande mzima na kuusahau ule uliopooza. Katika miaka ya 1940 mama mmoja, Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akaishi London, alianza kupinga jambo hilo. Aliwashika wagonjwa wake upande dhaifu na kuufanyisha kazi. Njia yake imebishaniwa sana tangu hapo, na wataalamu wa leo husisitiza zaidi kurudia kitendo chenyewe ambacho mgonjwa anataka kukifanya: kusimama, kupiga hatua, kupanda ngazi. Lakini jambo la msingi limebaki: upande uliolala usiachwe.

Sababu yake ni hii. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ndani ya ubongo. Mguu wenyewe hauna ugonjwa. Aliyeumia ni yule anayeuamuru. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza kazi ya zile zilizopotea, nazo hujifunza kama mtoto anavyojifunza kuandika, kwa kurudia mara nyingi mno. Mguu usipoitwa, ubongo unausahau. Na misuli isiponyooshwa hufupika. Ndicho kilichotokea kwa kisigino cha mama yetu.

Msamaria Mwema wa Moshi

Reli ya Tanga ilianza kujengwa kabla ya karne ya 20, ikafika Muheza, ikapita Korogwe na Mombo, na kabla ya vita ile ikawa imefika Moshi, safari ya kilomita 352. Tunaitaja kwa sababu kwa watu wa Tanga njia ya kuelekea Moshi imekuwa pia njia ya matibabu. Huko, Machi 1971, ilifunguliwa hospitali ya KCMC, iliyojengwa na makanisa kupitia Shirika la Msamaria Mwema kwa msaada wa Wakristo wa nchi nyingi. Jina la shirika hilo halikuchaguliwa ovyo. Msamaria wa Luka sura ya 10 hakuishia kufunga jeraha; alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi.

Katika KCMC pana chuo cha fiziotherapia, na wataalamu wengi wa viungo wa nchi hii walifunzwa pale kisha wakatawanywa katika hospitali za mikoa, Bombo ya kwetu ikiwa mojawapo ya hospitali hizo. Mwaka 1981 palianza pia chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa miguu ya bandia na vifaa vya kushikilia viungo. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Kile kifaa cha plastiki anachovaa mtu ndani ya kiatu ili unyayo wake usining'inie na kumkwaza, ni kazi ya mafundi kama hao. Kifaa ni chepesi, kinaingia mfukoni, lakini kwa mwenye kiharusi ndicho kinachotenganisha mtu anayekwenda sokoni na mtu anayeanguka mlangoni.

Kutoka wodini hadi uani

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji uliokuwa wakati huo ndani ya Muungano wa Kisovieti, na kukubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi. Kutoka hapo likakua wazo la utengemao katika jamii: mlemavu asingoje hospitali ya mbali, bali familia na majirani wafundishwe mazoezi ya msingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye picha mwaka 1989. Katika nchi yetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka utengemao kuwa haki. Kwa hiyo yule anayepelekwa mazoezini hapewi sadaka.

Hapo kanisa lilipaswa kuwa mstari wa mbele, kwa maana ni nani aliye na watu katika kila mtaa na kila kijiji kuliko sisi? Tunazo jumuiya, tunao wazee wa kanisa, tunao vijana wenye nguvu. Lakini tulipokea sehemu ya kwanza ya habari, ile ya kumtembelea mgonjwa, tukaiacha sehemu ya pili.

Upepo, jini na presha

Kuna jambo jingine linalotuzuia, nalo tuliseme wazi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwafuatilia wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam. Waliandika viharusi 636 katika miaka mitatu. Walipoyasawazisha makundi kwa umri, walipata kwamba kwa kila watu 100,000, Hai walipigwa watu kama 109 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316. Hiyo ya Dar es Salaam inazidi nchi nyingi tajiri. Kiharusi si ugonjwa wa Wazungu, wala si wa wazee wa mjini peke yao.

Watafiti waliuliza pia watu wanaamini nini. Hai wengi walitaja presha, mafuta na mawazo mengi, na mgonjwa alipelekwa hospitali kwanza. Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi, na kwa sababu hiyo waliiepuka hospitali wakaanzia kwa waganga. Sisi wa Tanga ni watu wa pwani pia. Tunajua jinsi habari inavyonong'onwa kwamba fulani amepitiwa na upepo, au ametupiwa jini, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Maneno hayo yanasemwa hata na watu wanaopokea Meza ya Bwana Jumapili.

Hatuandiki haya kuwacheka. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima kwa dakika moja, ukamkata katikati kama kwa msumeno, ni lazima utie hofu, na hofu hutafuta adui. Lakini adui huyo anajulikana, naye anapimika. Mwaka 1896 daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza ule mpira unaofungwa mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo na kusoma namba mbili za presha. Tangu hapo tumekuwa na uwezo wa kumwona huyu anayeitwa jini akija, miaka kabla hajafika. Presha haiumi. Mtu anaweza kuimba kwaya nayo miaka 10 bila kujua. Tunaposali tuepushwe na mauti ya ghafula, basi na tukubali pia kufungwa ule mpira mkononi.

Mguu unafundishwaje

Wengi wameuliza mazoezi hayo ni yapi. Mpango wa kila mgonjwa hutolewa na mtaalamu aliyempima, wala hatutaki mtu aanze kwa kusoma makala hii. Lakini ni vizuri tuelewe tunachokiona.

Siku za mwanzo kazi ni kumweka mgonjwa vizuri: kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda vya mgongo, kuegemeza mkono dhaifu usining'inie, kuuweka unyayo wima usianguke mbele. Mkono uliopooza hauvutwi kamwe wakati wa kumwinua, maana bega huchomoka. Kisha anafundishwa kuketi kitandani bila kuegemea. Kisha kusimama kutoka kitini na kuketi tena, mara kumi, mara ishirini, kila siku. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini hujenga mapaja na kuufundisha mguu dhaifu kubeba uzito. Baadaye anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine akiwa ameshika meza, anapiga hatua za mbele na za pembeni, anazunguka, anavuka kizingiti. Fimbo hushikwa kwa mkono ulio mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu dhaifu hutangulia kushuka.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa. Hiyo ndiyo habari iliyotuchoma sisi tuliopoteza minne. Lakini mlango haufungwi hapo. Watu hupata nguvu hata baada ya mwaka, ila kwa jasho zaidi. Bandu bandu huisha gogo.

Upendo peke yake

Sasa tulipokwisha kutubu, tulitaka kukimbilia upande wa pili. Tukasema: jumuiya itajifunza, tutawafanyisha wagonjwa mazoezi wenyewe, hatuhitaji hospitali. Ni vyema tukasimulia yaliyotokea India. Huko watafiti walichukua wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14. Nusu yao familia zilifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, nusu walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Mafunzo mafupi kwa familia hayakupunguza vifo wala utegemezi.

Habari hiyo ilituvunja moyo kwanza, kisha ikatufundisha unyenyekevu. Upendo wa familia haugeuki kuwa utaalamu kwa siku chache. Anayejua mguu ni yule aliyesomea mguu. Wale wanne wa Kapernaumu hawakujaribu kumponya rafiki yao. Walichofanya ni kuhakikisha amefika kwa aweza yote, hata ikibidi kubomoa dari ya watu. Hiyo ndiyo kazi yetu. Kumfikisha. Kulipa nauli. Kukumbuka tarehe. Kukaa naye siku ambayo amechoka na anasema basi. Na kuhesabu naye zile mara ishirini alizoagizwa na mtaalamu.

Benchi la pili

Mama yetu alianza mazoezi mwezi wa tano. Vijana wanne walipanga zamu, wawili wawili, kumpeleka kwa bajaji. Siku za kwanza alilia, na sisi tuliokuwa nje tulilia pia, tukijua kwamba sehemu ya maumivu yale tuliyaweka sisi kwa huruma isiyo na maarifa. Kisigino kililegea kidogo, hakikurudi chote. Alipewa kifaa cha kiatuni na fimbo ya mkono wa kushoto.

Jumapili moja, karibu mwaka mmoja tangu augue, aliingia kanisani kwa miguu yake. Kutoka mlangoni hadi benchi la pili ni hatua ambazo mtoto huzimaliza kwa pumzi moja. Yeye alizitembea huku wimbo mzima ukiimbwa na kwisha. Hakuna aliyepiga vigelegele, maana alikuwa ametukataza mapema. Wakati wa Komunyo padre alishuka kutaka kumfuata alipo. Akatikisa kichwa, akasimama, akaenda.

Anaburuta mguu hadi leo. Hakupona kama yule wa mlango wa Hekalu. Yuko zaidi kama Mefiboshethi: kiwete, na mahali pake mezani hapajapewa mtu mwingine.

Tangu hapo mtaa wetu una daftari. Ndani yake yameandikwa majina ya wote waliopigwa kiharusi, tarehe zao za mazoezi, na mbele ya kila jina majina manne ya watu wa kuwapeleka. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, wauguzi walio washarika wetu hupima presha chini ya mwembe, na anayekutwa nayo juu hupelekwa hospitali siku inayofuata akiwa na mwenzake, asije akaahirisha. Sala zetu hazikupungua. Bado tunakutana kando ya kitanda, bado padre anapaka mafuta. Ila sasa kabla ya kusema amina ya mwisho, mmoja wetu hufungua daftari na kuuliza lile swali la kijana: huyu anafanyishwa mazoezi na nani?

Tunawasihi ninyi mnaosoma, katika Bonde, Pangani, Mkinga, Handeni na kwingineko, mkauliza vivyo hivyo juma hili. Msingoje mwezi wa nne.